Kusoma kwa Kuuliza Maswali

Wengi wetu tulizoeshwa shuleni kwamba maswali huja mwishoni. Mwanafunzi husoma habari, chini yake hukuta maswali ya ufahamu, kisha hurudi juu kutafuta majibu. Mara nyingi hupata alama nzuri kwa kunakili tu sentensi yenye neno linalofanana na lile la kwenye swali. Tabia hiyo hutufuata hadi utu uzima: tunasoma, halafu tunasubiri mwalimu, mhubiri au mtihani ndio utuulize. Makala hii inaeleza kwa nini inafaa msomaji aulize mwenyewe tangu mwanzo, na ni maswali ya namna gani yanayomsaidia.

Kutamka si kuelewa

Kusoma kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutambua maneno; ya pili ni kupata maana inayobebwa na maneno hayo yakiwa pamoja. Mtu anaweza kuimudu ya kwanza na kushindwa ya pili. Hapa Tanzania jambo hili huonekana wazi pale kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapoingia sekondari na kukuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Asipoelewa, hukariri. Akifika seminari kuu na mazoea hayo, anaweza kutoa fasili ya neno la kifalsafa bila kukosea hata herufi, lakini ukimwuliza mwandishi anatetea nini na anampinga nani, ananyamaza.

Hasara yake haiishii kwenye mtihani. Kesho kijana huyo atasimama mimbarini, na waamini watapokea kile alichokielewa au alichodhani amekielewa. Vivyo hivyo mwamini anayetia saini mkataba wa mkopo kwa kuwa ameusoma wote, bila kujiuliza riba inahesabiwaje na dhamana itachukuliwa lini, amesoma maneno tu. Gharama ataijua baadaye.

Towashi aliyejua kuuliza

Katika Matendo ya Mitume 8:26-40 tunamkuta towashi wa Ethiopia akiwa njiani, ndani ya gari lake, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina ya malkia, na alijua kusoma. Filipo anamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Towashi hajifanyi anajua. Anasema anahitaji mtu wa kumwongoza. Kisha anauliza swali moja tu, tena la wazi: je, nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine?

Swali hilo ni mfano mzuri kwetu. Towashi hakusema tu kwamba kifungu ni kigumu. Alionyesha mahali hasa palipomkwamisha, yaani nani anazungumziwa. Filipo akaanzia hapo hapo. Msomaji anayeweza kutaja anachokosa amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuuliza swali hilo. Kitenzi kama “akamwambia” kinawabeba watu wawili ndani yake, lakini hakiwataji. Tukisoma haraka, ni rahisi kumpa mmoja maneno ya mwingine.

Jibu linatoka wapi?

Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa elimu wa Marekani, Taffy Raphael, alitengeneza mpango wa kuwafundisha wanafunzi kuyagawa maswali kwa kutazama mahali jibu linapopatikana. Yako makundi manne. Tuyatazame kwa kutumia mfano wa Mwana Mpotevu, Luka 15:11-32.

1. Jibu limo papo hapo. Ni yupi kati ya wana wawili aliyedai urithi wake? Ni mdogo. Sentensi moja inatosha.

2. Jibu limetawanyika, litafute na uliunganishe. Maneno aliyoyapanga kijana akiwa bado ugenini yanatofautianaje na yale aliyoyasema mbele ya baba yake? Ukilinganisha aya ya 18 na 19 na aya ya 21, utaona kwamba alikusudia pia kuomba afanywe kama mmoja wa vibarua, lakini alipofika hakulitamka ombi hilo. Vivyo hivyo, kaka yake anamtajaje, na baba anamtajaje? Kaka anamwita mwana wa baba yake. Baba anamjibu kwa kumrudishia neno “ndugu”.

3. Jibu linatokana na andiko pamoja na akili ya msomaji. Kwa nini Luka hatuambii kama kaka mkubwa aliingia kwenye karamu? Andiko halijibu, lakini linatupa ushahidi. Mwanzoni mwa sura hiyo Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwa sababu Yesu anakula na wenye dhambi. Tukiweka mambo haya pamoja, tunaweza kusema kwamba wao ndio wanaoachiwa uamuzi wa kuingia au kubaki nje.

4. Jibu limo ndani yangu. Je, katika familia yangu yupo ndugu ambaye sitaki kumwita ndugu?

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo mara nyingi tunarukia kundi la nne. Injili ikishasomwa tu, kila mmoja anaeleza inavyomgusa. Ni jambo jema, lakini tukiyaruka makundi matatu ya kwanza, tunaweza kuzungumza nusu saa kuhusu mawazo yetu tukidhani tunazungumza kuhusu Injili. Papa Benedikto wa XVI aliligusa jambo hili katika Wosia wa Kitume Verbum Domini wa mwaka 2010. Akieleza hatua za lectio divina, aliiambatanisha hatua ya kwanza na swali la andiko lenyewe linasema nini, ndipo likafuata swali la andiko hilo linatuambia nini sisi. Alionya kwamba bila swali la kwanza, andiko linaweza kuwa kisingizio cha kubaki na mawazo yetu wenyewe.

Kwa wanaosoma vitabu vya masomo

Mt. Thoma wa Akwino aliipanga Summa Theologiae kwa maswali. Kila makala ndani yake huanza na swali, kisha hoja zinazopinga, ndipo jibu lake mwenyewe, na mwishoni majibu kwa hoja zile. Mseminari asiyejiuliza “nani anasema hapa?” anaweza kunukuu pingamizi akidhani ni mafundisho ya Mt. Thoma, kumbe ndilo alilokuwa analikanusha.

Kwa somo la kila siku, mbinu ya Francis Robinson, aliyoieleza mwaka 1946 akiwa mwalimu wa chuo kikuu huko Ohio, Marekani, bado inafaa. Pitia sura nzima kwa haraka ukitazama vichwa vya habari. Geuza kila kichwa kiwe swali: “Sababu za Mfarakano” kiwe “Ni sababu zipi zilizoleta mfarakano?” Soma ukitafuta jibu. Funga kitabu ulitamke jibu kwa maneno yako. Mwisho, rudia yote. Hatua ya kufunga kitabu ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo inayofichua kama umeelewa au umekariri.

Kwa vikundi vya kujisomea, mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha matokeo ya kazi yao na wanafunzi walioweza kusoma maneno vizuri lakini wakaelewa kidogo. Wanafunzi walipokezana kuwa mwalimu. Kwa kila kipande cha habari, aliyeongoza aliuliza swali, alifupisha, alifafanua palipokuwa pagumu, na alibashiri kinachofuata. Ufahamu wao uliongezeka. Mbinu hii haihitaji gharama. Watu wanne na kitabu kimoja wanatosha.

Pa kuanzia

Jumamosi hii chukua Injili ya Dominika. Kabla ya kusoma maelezo ya mtu yeyote, andika maswali manne, moja kwa kila kundi. Likikosekana jibu la swali fulani, usilifute. Nenda nalo kwenye jumuiya, kwa katekista au kwa paroko wako. Wahenga walisema asiyeuliza hana ajifunzalo. Na anayeuliza swali lililo wazi humrahisishia kazi hata yule anayemfundisha.