Gari Limesimama, Usukani Unatetemeka

Usukani unaotetemeka gari likiwa mwendoni na usukani unaotetemeka gari likiwa limesimama ni magonjwa mawili, na wenye magari wengi hulipia tiba ya la kwanza huku wakiumwa la pili. Tairi isiyozunguka haitikisi kitu. Kwa hiyo ukisimama Iguguno, kwenye barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega, gia ikiwa D na mguu kwenye breki, ukahisi mtetemo mikononi, fundi akaanza na habari za balansi, tairodi na boljointi, msikilize kwa heshima lakini usitoe hela kwanza.

Mtetemo huo unatoka kwenye injini. Injini ya silinda 4 hupiga mishindo 2 kwa kila mzunguko. Kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta, ya mizunguko kama 700 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida kwa gari ndogo za Kijapani zikishapata moto, hiyo ni mishindo 23 hivi kila sekunde. Hata gari jipya linayo. Tofauti ni kwamba kwenye gari zima mauntingi, vile vipande vya chuma na mpira vinavyoishika injini, huimeza mishindo hiyo kabla haijafika kwenye bodi na mhimili wa usukani. Silinda moja ikiacha kuwaka, pengo lake hurudi mara moja kila mizunguko 2, yaani chini kidogo ya mara 6 kwa sekunde, na hapo gari linachechemea. Mikono yako inaweza kuzitofautisha hali hizi mbili kabla boneti haijafunguliwa: mtetemo mwembamba usiobadilika unaelekeza kwenye mauntingi au sailensi iliyoshuka, mtikisiko usio na mpangilio unaelekeza kwenye silinda inayomisi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikiwa ya moto, mguu kwenye breki, toa gia D upeleke N. Mtetemo ukipungua sana, mauntingi ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa sababu kwenye D injini inasukuma dhidi ya breki na kuulalia mpira upande mmoja. Usipobadilika, tafuta kwenye uwakaji. Kisha washa kiyoyozi huku ukiangalia geji ya mizunguko. Kompyuta ya gari inatakiwa kuongeza hewa ili kubeba mzigo huo. Sindano ikishuka na kubaki chini, chunguza throto.

Mauntingi huangaliwa kwa macho. Boneti wazi, handbreki juu, dereva akanyage breki kwa nguvu, ahamishe gia kutoka D kwenda R taratibu. Mtazamaji asimame ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini kucheza kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka na kurudi kwa kishindo, mpira umekatika. Gari nyingi zenye injini iliyolala kwa upana hushikwa na mauntingi 3 au 4, na aghalabu moja lina kimiminika ndani. Michirizi myeusi yenye mafuta ikishuka kwenye hilo, limepasuka. Magari yanayoshinda kwenye barabara za vumbi za vijiji vya wilaya ya Mkalama, yamebeba alizeti na vitunguu, huua mipira hii mapema kuliko yale ya lami.

Kama gari linachechemea, na kila silinda ina koili yake, injini ikiwa sailensi fundi achomoe soketi ya koili moja, asikilize, arudishe, aende nyingine. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inadhoofika papo hapo. Ukichomoa ya ile mbovu, hakuna kinachobadilika. Zoezi liwe fupi, maana petroli isiyoungua huharibu masega ya ekzosi. Kisha koili hiyo ihamishiwe silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua koili moja tu. Ukibaki pale pale, toa plagi uiangalie, halafu nozeli, halafu kompresheni. Kwa dakika chache umejua spea ya kununua, badala ya kubadilisha koili zote 4 kwa kubahatisha.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Ea klina ikiziba, injini inanyimwa hewa. Ikipasuka, vumbi linaingia ndani. Throto yenye masizi huzuia ile hewa kidogo ya sailensi, na mpira wa hewa uliopasuka huingiza isiyopimwa. Uwanda wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Gari lenye kompyuta hurekebisha lenyewe, lakini la kabureta lililosetiwa Dar es Salaam hufika huku likila petroli nyingi kupita hewa yake, na hutetemeka ingawa halina kilichovunjika.

Jambo moja linaniudhi: kupandisha sailensi ili mtetemo upotee. Unapotea kweli, kwa sababu injini imetoka kwenye mwendo ule unaotikisa bodi. Ugonjwa umebaki, mafuta yanaenda zaidi, na gari la otomatiki linavuta mbele kila ukiachia breki. Sawa na hilo ni kujaza kipande cha tairi kuukuu kwenye mauntingi lililokatika: kile kipande ni kigumu, kinapeleka kila mshindo moja kwa moja kwenye bodi.

Mauntingi jipya nalo likifungwa vibaya linatetemesha. Boliti zote zishikwe kwa kulegea kwanza, injini iwashwe iachwe ijikalie mahali pake, izimwe, ndipo zikazwe. Fundi akizikaza injini ikiwa bado juu ya jeki, mpira unabaki umejipinda, na mteja anarudi kulalamikia spea ambayo haina kosa.