ASILI YA NENO "SHULE"

Hapa Chekereni, na Moshi yote, neno "shule" hutajwa kila siku, lakini ni wachache waulizao lilikotoka. Halikutoka katika Kiarabu, kama elimu na mwalimu, maneno mawili yenye shina moja la kujua. Shule ni neno la Kidachi. Wadachi walipotawala nchi hii, neno lao lilishika katika ndimi za watu. Na Waingereza walipoitwaa Moshi mwaka 1916, Wadachi waliondoka, neno likabaki. Unguja husemwa "skuli", nalo limetoka katika Kiingereza.

Hata hivyo shule na skuli ni ndugu. Yote mawili yalipitia Kilatini, na asili yake ni neno la Kiyunani cha kale, skhole, ambalo maana yake ya kwanza ni nafasi, yaani wakati ambao mtu hashurutishwi na kazi. Wayunani wenye nafasi waliitumia kwa mazungumzo ya hekima. Baadaye mazungumzo hayo yakaitwa skhole, kisha na mahali pake.

Maana hiyo ya kale ingali yatufaa. Mtoto awekwaye shambani saa za masomo, huku tambarare awinge ndege katika mpunga, au kule mlimani achume kahawa, hana shule, ijapokuwa jina lake limo daftarini. Jengo, ubao na chaki havitoshi. Basi, enyi wazazi na wazee wa vijiji, mpeni mtoto nafasi kwanza. Ndipo neno shule litakapotimia.