Je, Wajua? Nahodha Aliyeishia Porini

Chai ya watu yatekwa
Uingereza ilikuwa na siku mbili tu vitani, tarehe 6 Agosti 1914, Kapteni Max Looff wa manowari ya Kijerumani Königsberg alipoinasa City of Winchester karibu na Oman. Ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo ilikuwa imesheheni chai!

Meli ya Brazil mtoni Rufiji
Tarehe 20 Septemba, alfajiri, Looff aliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha akajichimbia kwenye delta ya Rufiji. Hebu fikiria: meli ndefu kuliko uwanja wa mpira, imejificha kwenye mikoko kwa zaidi ya miezi minane! Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi. Basi zikakokotwa kutoka Malta mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil.

Tarehe 11 Julai 1915, ndege iliyoruka kutoka Mafia ilikuwa ikizielekeza mahali pa kupiga, mara ikatunguliwa. Rubani Cull akihangaika kuishusha, mwenzake Arnold hakuacha kutuma masahihisho kwa redio mpaka walipotumbukia mtoni. Wote wawili walitoka hai! Meli ya Looff iliwaka, naye akaamuru ilipuliwe.

Mizinga yahamia nchi kavu
Mizinga yote 10 ya Königsberg iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam na kupelekwa vitani bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukipita, usikose kuugusa.

Baharia ang'ang'ania Newala
Novemba 1916 Looff, sasa kamanda wa askari wa miguu, aliwazingira Wareno waliokuwa wamevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kuishika Newala. Walitoroka usiku, wakarudi ng'ambo.

Meli ya michango
Wareno nao walikuwa na manowari, Adamastor, iliyonunuliwa kwa michango ya wananchi. Mei 1916 ilipiga mizinga mdomoni mwa Ruvuma ili askari wavuke, lakini bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwarudisha.

Pembe ya Kionga
Kaskazini kabisa mwa Msumbiji, ukishapita Palma, iko Kionga. Wareno waliitwaa kutoka kwa Wajerumani Aprili 1916, na mwaka 1919 Mkataba wa Versailles ukawapa rasmi: kilomita za mraba 550 hivi, ardhi pekee waliyoambulia kwa vita vyote vile.