Ugomvi wa Vyeo Katika Jeshi la Washington

Watu wengi wasomapo habari za vita ambavyo kwavyo Wamarekani walijitenga na Uingereza, vilivyoanza mwaka wa 1775, husoma juu ya mapigano, njaa na baridi kali. Ni wachache waelezwao ya kwamba Jenerali George Washington alisumbuliwa sana na jambo jingine lisilokuwa na moshi wala risasi, nalo ni swali la nani awe mkubwa wa nani.

Ugomvi huu ulizaliwa pamoja na jeshi lenyewe. Mwezi wa Juni 1775 Baraza la Kongresi, ambamo wajumbe wa makoloni walikutana mjini Philadelphia, lilimteua Washington kuwa Jemadari Mkuu, kisha likachagua wakubwa wa kumsaidia. Israel Putnam wa Connecticut akapewa cheo cha Meja-Jenerali, na Joseph Spencer wa koloni lile lile akapewa cha Brigedia-Jenerali, kilicho chini yake. Lakini huko kwao Spencer ndiye aliyekuwa mkubwa wa Putnam! Alipopata habari aliondoka kambini akaenda zake bila kwanza kumwona Washington, na baadaye ndipo akakubali kurudi.

Tusifanye haraka kuwacheka watu hawa. Katika jeshi, tarehe ya kupewa cheo ndiyo iamuayo nani atoe amri vikosi viwili vikutanapo, na nani ashike mahali pa mkuu akianguka. Tena karani yeyote aliyepata kuona jina la mwenzake aliyeanza kazi nyuma yake limeandikwa juu ya lake katika orodha ya ofisi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mambo yalizidi kuwa mabaya mwaka wa 1777. Tarehe 19 Februari Baraza liliwapa wakubwa watano cheo cha Meja-Jenerali, likamruka Benedict Arnold, ambaye alikuwa amewatangulia wote watano kwa cheo, na ambaye alikwisha kujeruhiwa mguu mbele ya mji wa Quebec. Washington hakuulizwa shauri. Alipotaka kujua sababu aliambiwa kwamba vyeo vinagawanywa kwa kufuata pia hesabu ya askari watolewao na kila jimbo, na Connecticut, jimbo la Arnold, lilikuwa na Meja-Jenerali wawili tayari, yaani Putnam na Spencer. Kwa wajumbe wa majimbo hiyo ilikuwa haki. Kwa askari aliyemwaga damu ilikuwa tusi.

Wakati huo huo Kanali John Stark wa New Hampshire, aliyekuwa amepigana Bunker Hill, Trenton na Princeton, alimwona Kanali Enoch Poor wa jimbo lake akipandishwa kuwa Brigedia-Jenerali mbele yake. Stark hakubishana. Alijiuzulu mwezi wa Machi akarudi shambani kwake. Lakini Julai jeshi la Jenerali Burgoyne wa Uingereza liliposhuka kutoka Kanada na kuiteka ngome ya Ticonderoga, watu wa New Hampshire walimwendea Stark awaongoze. Alikubali kwa sharti moja: atalitii jimbo lake tu, wala si Baraza wala majemadari wake. Watu wapatao 1,500 wakamfuata.

Hapo ndipo msomaji apime mwenyewe. Jenerali Benjamin Lincoln, mmoja wa wale watano wa Februari, alimletea Stark amri ya kwenda kuungana na jeshi kubwa penye mto Hudson. Stark akakataa. Kwa kuwa alikataa, alikuwa karibu na Bennington Burgoyne alipopeleka kikosi cha Wajerumani kuteka ghala na farasi, na tarehe 16 Agosti alikivunja, pamoja na kikosi cha pili kilichokuja kukisaidia. Maadui wapatao 700 walitekwa. Mwezi wa Oktoba Baraza likampa cheo kile alichonyimwa. Kwa maoni yangu Stark alibahatika. Kama wakuu wote wangalijichagulia bwana wa kumtii, Washington asingalikuwa na jeshi. Lakini angalitii, huenda Burgoyne angalipata vyakula alivyovihitaji mno.

Majira hayo hayo kulikuwa na kisa cha Mfaransa Du Coudray, aliyeahidiwa na mjumbe wa Marekani huko Paris kwamba atakuwa mkuu wa mizinga yote. Mizinga ilikuwa mikononi mwa Henry Knox, muuza vitabu wa zamani wa Boston. Knox, Greene na Sullivan wakaliandikia Baraza kwamba watajiuzulu. Baraza likakasirika, likawataka waombe radhi, na hakuna aliyeomba. Mfaransa akapewa kazi nyingine ya ukaguzi, na Septemba farasi wake aliruka kutoka katika kivuko cha mto Schuylkill, naye akafa maji. Haishangazi kwamba mjumbe John Adams alimwandikia mkewe kuwa wakuu hawa wanagombea vyeo na mishahara kama nyani wagombeavyo karanga.

Turudi kwa Arnold. Aprili alipambana na Waingereza waliovamia Connecticut, farasi akauawa chini yake, na Mei Baraza likampa cheo cha Meja-Jenerali, lakini wale watano wakabaki juu yake. Mwezi wa Julai alipeleka barua ya kujiuzulu, na wakati ule ule Washington akaomba apelekwe kaskazini kumkabili Burgoyne. Akaenda. Huko Saratoga aligombana na mkuu wake, Horatio Gates, akanyang'anywa kikosi chake. Tarehe 7 Oktoba, bila kuwa na amri juu ya mtu yeyote, alipanda farasi akaingia vitani, akawaongoza askari mpaka risasi ikauvunja mguu ule ule wa Quebec. Mahali hapo pana jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka wa 1887, limechongwa kiatu kirefu cha askari, na jina la mwenyewe halikuandikwa.

Burgoyne alijisalimisha siku kumi baadaye, na mwishoni mwa Novemba Baraza lilimruhusu Washington kumrudishia Arnold nafasi yake juu ya wale watano. Kinyongo hakikutoka, na madeni na tamaa vikaongezeka juu yake. Septemba 1780 iligunduliwa kwamba alikuwa akiuza ngome ya West Point kwa adui. Alitorokea kwa Waingereza, nao wakampa fedha na cheo cha Brigedia-Jenerali, yaani daraja moja chini ya kile alichokiacha.