Dawa za selimundu katika ratiba ya nyumbani

Mtoto mwenye selimundu hunywa dawa hata siku ambazo anacheza na haumwi popote, na ni siku hizo ambapo dawa husahaulika. Bandama yake huharibika mapema, kwa hiyo mwili unakosa mlinzi dhidi ya bakteria wa nimonia. Ndiyo maana hupewa penisilini mara mbili kwa siku, angalau hadi atimize miaka 5. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maambukizi ya bakteria hao kwa asilimia 84. Juu yake kuna foliki asidi ya kila siku na, kwa wengi sasa, haidroksiyurea.

Ushauri wangu ni kuifunga dawa kwenye jambo ambalo nyumba yenu haikosi kulifanya. Penisilini ifuatane na mswaki, asubuhi na usiku. Foliki asidi ije na chai. Saa ya ukutani hupuuzwa mama akichelewa sokoni, lakini mswaki hata bibi au dada wa kazi atausimamia. Ila mjamzito asishike haidroksiyurea kwa mikono mitupu.

Maji ndiyo huleta ugomvi. Figo za mtoto huyu hushindwa kukoleza mkojo, hivyo hupoteza maji mengi, na akipungukiwa maji damu huwa nzito na maumivu makali yanaweza kuanza. Lazima anywe sana mchana kutwa. Matokeo yake ni kukojoa mara kwa mara, na wengi hukojoa kitandani hata wakiwa darasa la tatu au la nne. Nimeona watoto wakichapwa kwa hilo, na inaniuma, kwa sababu wanaadhibiwa kwa ugonjwa. Msimnyime maji jioni. Tandikeni nailoni juu ya godoro, mwamsheni mara moja usiku, na mwalimu aambiwe mapema kwamba mtoto abebe chupa yake na aruhusiwe kwenda chooni bila maswali. Na kwa kuwa baridi nayo inaweza kuanzisha maumivu, asubuhi za baridi aoge maji ya moto, avae sweta.

Homa haina ratiba. Ikifika nyuzi 38.5, ni hospitali usiku huohuo, hata akionekana mchangamfu. Basi pangeni tangu leo: nauli iwekwe wapi, kadi ya kliniki ining'inie wapi, na jirani yupi atabaki na wadogo zake.