Mara ya Tatu

Mwaka 2009, shindano la picha za wanyamapori la jarida la BBC Wildlife na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London lilimpa ushindi Mhispania aliyempiga picha mbwa mwitu akiruka lango usiku. Januari 2010 akavuliwa ushindi na pauni zake 10,000: majaji waliona yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mwenyewe alikana.

Simhukumu. Nami niliwahi kutajwa katika shindano la jarida moja, kwa picha ya bibi akisali rozari kanisani. Nilipongezwa, nikavimba kichwa, padre mzima! Sikumwambia yeyote kwamba nilimpigisha bibi yule magoti mara tatu, hadi mwanga wa dirishani ukakaa sawa. Magoti yalikuwa yakimuuma. Mara ya tatu, nadhani, hakuwa akisali tena. Alikuwa akimtii padre wake tu.

Yesu anatuagiza tukisali tufunge mlango (Mt 6:6). Mimi niliufungua, nikaingia na kamera.

Picha ile bado imetundikwa ofisini kwangu. Leo, baada ya Misa ya kwanza, nakwenda kwa bibi kumwomba radhi.