M-Pesa ilivyokwepa kizingiti cha simu tofauti

Mkulima wa majani chai katika kaunti ya Bomet mwenye simu kuukuu ya vibonye hutuma pesa kwa huduma ile ile anayotumia meneja wa kiwanda huko Kericho mwenye simu ya kisasa. Si jambo dogo. Kila aina ya simu ina mfumo wake wa uendeshaji, na programu iliyoandikiwa mfumo mmoja haifanyi kazi katika mwingine.

Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, menyu haikuandikiwa simu bali iliwekwa ndani ya kadi ya simu. Kadi hiyo huiagiza karibu simu yoyote kwa amri chache zilizokubaliwa kimataifa: onyesha orodha, pokea tarakimu, tuma ujumbe.

Gharama ilikuwepo. Nafasi ya kadi ni finyu, hakuna picha, na wateja wenye kadi za zamani walilazimika kuzibadilisha.

Programu za kisasa zina mapambo zaidi, ila sharti zikubaliwe na Android na iPhone pia. Mwandalizi mwangalifu hutenga sehemu ndogo inayogusa mfumo wa simu, ili akibadilisha hiyo, nyingine zisiguswe. Mchumaji chai asiye na simu ya aina hiyo angali anaweza kutumia menyu ya kadi.